Ameketi Mbele ya Piano na Hapigi Kitu

Ilikuwa baada ya swala ya isha, pale Mkunguni mbele ya Ngome ya Lamu, kahawa imekwisha kumiminwa mara ya pili. Kijana mmoja wa mtaani akatuletea simu tutazame. Bwana aliyevaa suti anaingia ukumbini, anapigiwa makofi, anaketi mbele ya piano, anafunika kifuniko cha vibonyezo, anatazama saa. Basi. Hapigi. Baada ya kitambo anafunua, kisha anafunika tena na kunyamaza tena. Mara tatu. Mwisho anasimama, anainama, na ukumbi mzima unashangilia.

"Na huyu kalipwa?" akauliza mzee mmoja.

"Kalipwa, babu."

"Kwa kunyamaa?"

"Kwa kunyamaa."

Kijana hakuishia hapo. Akatuonyesha kanisa moja Ujerumani ambamo kinanda kinalia sauti zilezile kwa miezi na miaka, na watu wamesafiri kutoka mbali ili wawepo siku sauti hizo zitakapobadilika. Hapo ndipo kahawa ilipopoa. Mmoja akasema ni utapeli. Mwingine akasema ni mambo ya wazungu, tuwaachie wenyewe. Wa tatu akanigeukia: "Maalim, wewe hujidai kusikiliza muziki huu. Haya, tufafanulie."

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na kazi yangu ni ushairi. Muziki nimejifunza kwa masikio na kwa ukaidi, sina cheti chake. Lakini kwa muziki wa namna hii, mtu aliyewahi kuhesabu mizani ya shairi amekwisha kufika nusu ya safari.

Tuanze na maneno, maana ugomvi mwingi hutokana nayo. Klasiki, kwa maana finyu, ni muziki wa Ulaya wa zama za Haydn na Mozart, mwishoni mwa karne ya 18. Kwa maana pana, ambayo ndiyo inayotumika mitaani, ni muziki ambao mtunzi anauandika kwenye karatasi kwa nota, kisha watu wengine wanausoma na kuupiga. Tunaposema klasiki ya kisasa, kwa kawaida tunakusudia kazi zilizotungwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, yaani tangu 1945, ingawa mizizi yake ni ya nyuma zaidi. Kwa hiyo msishangae kusikia "klasiki" ikitajwa kwa kazi ya mtu aliye hai na mwenye barua pepe.

Neno la pili ni kuchambua. Wazee wetu walichambua pamba kabla hawajachambua mashairi. Anayechambua pamba hakai akisema pamba hii tamu, ile mbaya. Kwanza anatoa mbegu, anatenga nyuzi, anaona kilichomo. Kusifu na kulaumu huja baadaye, na huja vizuri zaidi. Sisi pale Mkunguni tulianza na kulaumu.

Basi ukikutana na utungo usioufahamu, swali langu la kwanza ni moja: mtunzi huyu amejifunga kamba gani?

Nitaeleza. Mshairi wa Lamu au wa Pate akitunga utenzi, kabla hajaandika neno amekwisha kujifunga: mizani nane kila kipande, vipande vinne kila ubeti, na kina cha mwisho kibaki kilekile tangu bismillahi hadi tamati. Hakuna aliyemlazimisha. Ile kamba ndiyo inayoupa utenzi mwendo, na msikilizaji aliyeizoea haisikii tena kama kamba. Mozart naye alijifunga kamba ambazo hadhira yake ilizijua kabla haijaingia ukumbini: wimbo una nyumbani kwake, utaondoka, utatangatanga, utarejea. Mtunzi wa leo anakuja na kamba aliyoisuka mwenyewe, pengine kwa ajili ya utungo huo mmoja tu, na haijui mtu mwingine. Ndiyo maana tunapotea. Tunasikiliza utenzi tukitafuta vina vya shairi, tusipovipata tunasema huyu hajui kutunga.

Ugomvi huu tunaujua. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi, yenye mashairi yasiyofuata mizani wala vina vya jadi, wapo waliosema hayo si mashairi kabisa, ni nathari iliyokatwakatwa. Wengine wakajibu kwamba shairi lina njia nyingine za kujifunga: picha, marudio, mahali mstari unapokatika. Miaka hamsini imepita na bado wanafunzi wangu wanabishana. Ukiufahamu mvutano huo umefahamu, kwa kiasi kikubwa, kilichotokea kwenye klasiki ya karne ya 20.

Sasa tuingie kwenye kazi zenyewe, tukianza na ile isiyohitaji hata ala.

Mwaka 1972 Mmarekani Steve Reich alitunga Clapping Music, kazi ya watu wawili na viganja vyao vinne. Kamba yake unaweza kuiandika kwenye kiganja. Kuna mizani 12. Nane ni makofi, nne ni kimya, hivi:

PA PA PA – PA PA – PA – PA PA –

Watu wawili wanaanza pamoja. Baada ya kurudia mara kadhaa, wa kwanza anabaki palepale kama nguzo. Wa pili anasogea mizani moja mbele: mwenzake anapopiga kofi la kwanza, yeye tayari anapiga la pili. Wanarudia. Wa pili anasogea tena moja. Na tena. Akishasogea mara 12 amezunguka duara zima, wanakutana tena walipoanzia, na kazi imekwisha. Ni dakika chache tu.

Ukiisikiliza bila kujua haya, utasikia makofi ya fujo ambayo mara yanakaa sawa, mara yanaparaganyika. Ukijua, jambo la ajabu linatokea: unaanza kusikia midundo ambayo hakuna hata mmoja kati yao anayeipiga. Inazaliwa katikati, pale kofi la huyu linapojaza kimya cha yule. Na hili si geni kwetu hata kidogo. Aliyewahi kusimama karibu na wapigaji matari siku za Maulidi, au akasikiliza kayamba na ngoma za Wagiriama upande wa Malindi, anajua kwamba mdundo unaomchezesha haumo katika mkono wa mtu mmoja. Umo baina yao. (Ninajua wapo watakaonikemea kwa kutaja matari na muziki katika sentensi moja. Nazungumzia mikono tu, dhikri siigusi.)

Reich mwenyewe alikwenda Accra mwaka 1970 kujifunza ngoma za Waewe katika Chuo Kikuu cha Ghana. Alikaa wiki chache tu, akashikwa na malaria, akarudi kwao. Wazo la midundo inayosogeleana na kuachana alikuwa nalo kabla ya hapo, kutokana na majaribio ya kanda za sauti aliyoyafanya miaka ya 1960. Alichokipata Ghana, kwa maneno yake, ni uthibitisho. Tusidai zaidi ya hapo, wala tusikubali chini ya hapo.

Kamba nyingine, laini zaidi. Arvo Pärt, Mwestonia, alitunga mwaka 1978 kazi ya piano na fidla iitwayo Spiegel im Spiegel, yaani kioo ndani ya kioo. Watu wengi huisikia na kusema ni nzuri, inatuliza, kisha hawana la kuongeza. Mchambuzi analo. Sikiliza fidla: ina sauti moja ambayo ni nyumbani. Inatoka hatua moja, inarudi nyumbani. Safari nyingine inatoka hatua mbili, inarudi. Kisha tatu. Mara inapanda, mara inashuka, kama mtu na taswira yake kwenye kioo, na kila jozi ya safari, ya kupanda na ya kushuka, inaongeza hatua moja. Nimewaona watoto wa Shela wakijifunza kuogelea hivyohivyo: hatua moja zaidi majini, kisha mbio hadi kwa mama. Huo ndio utungo wote. Utulivu unaousikia unatoka pale, katika ahadi ambayo haivunjwi hata mara moja.

Zipo pia kazi ambazo kamba yake haionekani kwa sababu nyuzi ni nyingi mno. György Ligeti, mzaliwa wa jamii ya Wahungari, alitunga Atmosphères mwaka 1961 kwa okestra nzima. Hakuna mahadhi ya kuimba bafuni, hakuna mapigo ya kuhesabu. Unasikia wingu. Hapa usijaribu kufuata fidla moja moja, utaumwa kichwa. Fikiria mvua juu ya mabati: kila tone linaanguka kwa wakati wake, lakini sikio lako halihesabu matone. Linasikia mvua inazidi, mvua inapungua, mvua imehamia upande wa mashariki. Maswali ya kuuliza basi yanabadilika: wingu ni zito au jepesi, liko juu au chini, linapanuka au linajikunja, na lini. Chora mstari kwenye karatasi huku ukisikiliza, upande na ushuke pamoja na sauti. Mchoro huo ni uchambuzi halali. Ligeti huyuhuyu, miaka ya 1980, alivutiwa na rekodi za magunda, yaani pembe za kupuliza, ya Wabanda-Linda wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambamo kila mpigaji ana sauti yake moja tu na wote kwa pamoja wanafuma kitambaa. Athari hiyo imo kwenye mazoezi yake ya piano, ambayo kitabu cha kwanza kilitoka 1985. Kila nikiyasikia nafikiria siwa zetu, yaani pembe kuu za sherehe, ya Amu ya shaba na ya Pate ya pembe za ndovu, na jinsi tulivyoziweka ziwe za kutazamwa.

Nitapita haraka kwa Arnold Schoenberg, mtunzi wa Austria, ingawa maprofesa watakasirika. Katika miaka ya 1920 alijiwekea sharti: kinanda kina sauti 12 zinazojirudia juu na chini, basi zote 12 zipate zamu kwa mpangilio maalumu kabla mpangilio haujaanza upya, ili isitokee moja ikajifanya bwana wa wengine. Ni kama kahawa ya barazani: hakuna kikombe cha pili mpaka kila mmoja apate cha kwanza. Waliomfuata wakazidisha. Mfaransa Pierre Boulez katika Structures ya mwaka 1952 alipanga kwa foleni si sauti tu, bali pia urefu wa kila sauti, nguvu yake na namna ya kuipiga. Nimeisikiliza zaidi ya mara nne. Naiheshimu kama ninavyoheshimu hesabu za nahodha. Sitaki kuisikia tena. Na hilo nalo linaruhusiwa: ukishachambua una haki ya kusema hupendi, tena utajua kwa nini.

Watu huniambia, "Lakini maalim, hizi ni hesabu. Maana iko wapi?" Hapo huwachezea Different Trains, aliyoitunga Reich mwaka 1988. Kabla ya hapo nawaomba wakumbuke muuza samaki anavyonadi asubuhi. Maneno yake yana mahadhi. Hayaimbi, lakini sauti inapanda mahali palepale na kushuka mahali palepale kila siku, hata asiyejua Kiswahili angeweza kuyaiga. Reich alichukua rekodi za watu wakizungumza, akasikiliza mahadhi yaliyomo katika maneno yao, akawaandikia wapigaji wanne wa fidla na jamaa zake wayafuate. Mtu anasema kipande cha sentensi, ala inakisema baada yake.

Na maneno yenyewe? Reich alipokuwa mdogo wazazi wake waliachana, akawa anasafiri kwa treni kati ya New York na Los Angeles akiwa na yaya wake, kati ya 1939 na 1942. Yeye ni Myahudi. Baadaye akafikiri kwamba angelikuwa Ulaya miaka hiyohiyo, angepandishwa treni za aina nyingine. Sehemu ya kwanza ya kazi inatumia sauti ya yaya wake na ya mhudumu mzee wa treni za Marekani. Sehemu ya pili ni sauti za walionusurika na mauaji ya Wayahudi. Mwendo wa gurudumu juu ya reli upo kote. Ving'ora vya Marekani vinabadilika kuwa ving'ora vya Ulaya. Kamba ni moja: ala ifuate sauti ya mtu. Lakini kwa kuifuata kamba hiyo, mtunzi amezuia kitu ambacho kingeharibu kila kitu, yaani yeye mwenyewe kulia badala ya wale waliopatwa. Mzee wangu mmoja, fundi wa tungo, aliisikiliza hadi mwisho bila kujua Kiingereza. Akasema tu, "Huyu kasikiliza watu." Sijasoma uhakiki bora kuliko huo.

Kuhusu "mambo ya wazungu". Mwaka 1944, mjini Cairo, Mmisri Halim El-Dabh aliazima mashine ya kurekodia kwa waya, akaenda kurekodi wanawake katika ngoma ya zaar, akairudisha rekodi ile studio na kuikoroga mpaka maneno yakayeyuka ikabaki mivumo. Miaka minne baadaye Mfaransa Pierre Schaeffer alianza kazi ya namna hiyo Paris, na vitabu vingi humtaja yeye kwanza. Zaar ile ni jamaa ya ngoma za pepo tunazozijua pwani hii. Bibi zetu wasingehitaji tafsiri. Mwaka 1992 kundi la Kronos Quartet, wapigaji wanne wa fidla na jamaa zake, lilitoa albamu yenye kazi za watunzi wa Kiafrika, miongoni mwao Justinian Tamusuza wa Uganda na Hamza El Din, mpiga udi Mnubi ambaye kijiji chao kilizama chini ya maji ya Bwawa la Aswan. Kazi yake Escalay inaiga gurudumu la kuteka maji: linazunguka, linalalama, linazunguka. Mpenzi wa taarabu akisikia rekodi ya awali, aliyoipiga Hamza mwenyewe, atautambua udi kabla ya kuambiwa.

Na hata wimbo wetu wa taifa! Mwaka 1963 jopo la wanamuziki lilichukua mahadhi ya wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo, majirani zetu wa Mto Tana, likayapangia sauti kadhaa na bendi. Mama alimwimbia mtoto peke yake, polepole. Leo askari husimama wima. Ukikaa ukajiuliza kipi kilibaki cha mama na kipi kiliongezwa na jopo, umeanza kuchambua.

Turudi kwa yule asiyepiga. Kazi ile ni ya John Cage, inaitwa 4′33″. Ilipigwa mara ya kwanza, kama "kupigwa" ndilo neno, tarehe 29 Agosti 1952 karibu na Woodstock, jimbo la New York, na mpiga piano David Tudor. Ile kufunika na kufunua kifuniko ni alama ya sehemu tatu. Kabla ya hapo Cage alikuwa ameingia katika chumba kimoja cha Chuo Kikuu cha Harvard kilichojengwa kizuie mwangwi wote. Alitarajia kimya kitupu. Akasikia sauti mbili, moja nyembamba na moja nzito, akaambiwa ni neva zake na damu yake. Akatoka akiamini kwamba kimya hakipo.

Kamba yake basi ni ipi? Muda. Dakika nne na sekunde 33, sehemu tatu, na hakuna la zaidi. Ni kama mshairi aliyekupa mizani na vina, akakuachia mistari mitupu uijaze kwa ulichonacho. Wengi huamini kwamba kazi hii ni kimya. Ukumbi ule wa kwanza ulikuwa na upande uliofunguka kwa hewa. Kulikuwa na upepo, kulikuwa na mvua juu ya paa, na mwishoni watu wenyewe wakinung'unika na kutoka.

Na kile kinanda cha Ujerumani ni cha Cage pia. Aliandika kazi ya kinanda cha kanisa mwaka 1987, maagizo yake ni kwamba ipigwe polepole kadiri inavyowezekana. Baada ya kufa kwake mwaka 1992 watu wakachukua maagizo hayo kwa uzito: katika mji wa Halberstadt walianza kuipiga Septemba 2001, na imepangwa kwisha mwaka 2640. Miaka 639. Hesabu hiyo ni umri wa kinanda cha kale cha mji huo, cha 1361, mpaka kufika mwaka 2000. Kwa kuwa utungo unaanza na kimya, miezi 17 ya mwanzo ilisikika mashine ya upepo tu. Sauti zilibadilika tena Februari 2024, na hiyo ndiyo video tuliyoonyeshwa. Sisi hatuna haki ya kucheka muda mrefu. Msikiti wa Pwani, hatua chache kutoka tulipoketi, unatajwa kuwa wa mwaka 1370. Na Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka huohuo wa 2001.

Ni utapeli? Kuhusu 4′33″ nimekubaliana nusu na wazee. Nadhani ni wazo linalofanya kazi kwa nguvu mara moja, na ukishalielewa huna sababu ya kulipia tikiti tena. Lakini mara ile moja ni lazima uikae.

Kwa hiyo tuliikaa. Kijana akaweka saa ya simu, tukanyamaza. Nilisikia vikombe vya muuza kahawa vikigongana. Punda, kisha punda wa pili akimjibu. Injini ya boti ikirudi kutoka Shela, ikakatika. Majani ya mkungu. Mtangazaji wa mpira kwenye televisheni ya ghorofani. Mzee aliyeuliza kuhusu malipo alikohoa, akaomba radhi kwa mkono.

Saa ikalia. Hakuna aliyeshangilia. Mzee akasema hilo la makofi ndilo lililomkaa, aonyeshwe tena. Nikampa sehemu ya nguzo, asiyesogea, nami nikachukua ya kusogea. Mara ya kwanza tukafika. Mara ya pili tukafika, watoto wamekwisha kutuzunguka. Mara ya tatu nikajikuta napiga sawasawa na yeye, nimevutwa kama jahazi lililokatika nanga.

"Umeniigiza, maalim," akasema. "Tuanze tena."